Naomba ushauri: mgombea wetu aahidi nini kuhusu taka?

Mbukwenyi wakuu.

Namsaidia shangazi yangu anayegombea uenyekiti wa mtaa hapa Dodoma mjini. Kampeni ni siku 7 tu, tarehe 20 hadi 26 Novemba 2024, na kura ni tarehe 27, kwa hiyo tunapita nyumba kwa nyumba.

Tulijiandaa kwa maswali ya barabara na maji. Karibu kila mlango tunaulizwa taka. Guta la kuzoa likipotea, viroba vinarundikana getini, mbwa wanavichana usiku, na upepo wa huku mnaujua: mifuko yote inanasa kwenye michongoma. Mvua zikianza, pampasi zitaishia korongoni. Mama mmoja anachoma taka zake usiku, maana mchana moshi unamgombanisha na jirani mwenye mtoto wa pumu.

Wenzangu wanataka shangazi aseme gari litapita kila wiki. Mimi naona huo ni uongo. Mwenyekiti hana gari wala fungu la mafuta. Ila tukinyamaza, mpinzani ataahidi. Tuseme nini mlangoni?

Mzee wa Kizota: Gari usiahidi, mdogo wangu. Taka ngumu ni jukumu la halmashauri, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iko wazi, na dampo lenyewe liko mbali kule Chidaya. Kwetu guta linamwaga kizimbani, pale taka zinapokusanywa kusubiri gari. Kizimba kikijaa, nalo linasimama. Watu wanamtukana bure kijana wa guta.

MamaLishe Dom: Gusa hela! Tunalipa ada ya taka na hatujui imefanya nini. Mgombea akiniambia kila mwezi atabandika ofisi ya mtaa kiasi kilichokusanywa na siku taka zilipozolewa, kura yangu anayo. Tena aseme wazi: hakuna risiti, hakuna malipo.

Muuliza ushauri: Dada, hesabu ziko kwa mtendaji wa mtaa. Akigoma kuzitoa?

Mzee wa Kizota: Mkutano wa mtaa unaongozwa na mwenyekiti. Wananchi wadai pale, iandikwe kwenye muhtasari, aupeleke kamati ya maendeleo ya kata. Diwani ndiye mwenyekiti wa kamati hiyo, na ndiye anayeingia baraza la madiwani linalopitisha bajeti na sheria ndogo za usafi. Njia ni ndefu, lakini ndiyo iliyopo.

Jirani wa Chang'ombe: Nyumbani maganda tunayatenga, mwenye mbuzi anapita na ndoo. Kiroba kinakuwa chepesi, mbwa hawakigusi. Pampasi ndizo zimenishinda.

MamaLishe Dom: Na mnapobisha hodi, ulizeni guta lilipita lini mara ya mwisho, mwandike kwenye daftari. Shangazi akishinda, aingie nalo mkutano wa kwanza. Akishindwa, mpeni aliyeshinda.