Mrejesho: zile negativu za marehemu baba

Assalam alaikum. Niliuliza nizifanyeje negativu za milimita 35 (zile filamu za picha za kamera ya zamani) zilizoota ukungu kabatini kwetu Wete. Mlionikataza kuziosha kwa maji, Mungu awalipe: ukungu huilegeza jelatini inayobeba picha, maji yangeiondoa yote.

Fundi mmoja wa Mjini kazipangusa taratibu kwa spiriti isiyo na maji, kisha kaziskani kwa dpi 4000 (nukta 4000 kwa kila inchi), kila picha pikseli kama 5,600 kwa 3,700. Tatu zimeliwa kabisa, roho imeniuma. Lakini katika picha moja iliyopona, bibi yuko gatini Mkoani na kapu lake la ukili, hata mishono inahesabika! Mama kaishika simu yenye picha hiyo, kalia.

Negativu sasa zimo kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.