Naomba ushauri: "desacertado" kwa Kiingereza

Wakuu, habari zenu. Nina sentensi ya Kihispania ya kupeleka kwenye Kiingereza: "El ministro estuvo desacertado en sus declaraciones." Maana iko wazi: waziri aliteleza, maneno yake hayakuwa ya busara. Shida ni hicho kivumishi, "desacertado".

"Foolish" ni kali mno, maana inamfanya mtu mjinga, na kwa maana hiyo Kihispania kingetumia "insensato" (mpumbavu). (Wanaoanza wajihadhari: "insensato" si "insensitive" (asiyejali hisia za wengine), japo zinafanana kama mapacha.) "Misguided" (aliyepotoka) inabeba dhana kwamba nia ilikuwa njema, jambo ambalo Kihispania hakikusema. "Reckless" (asiyejali hatari) inaelekea zaidi "imprudente" au "temerario" za Kihispania. "Wrong" ni pana sana; msomaji atadhani alikosea takwimu.

Kinachonibana zaidi ni "estuvo". Kitenzi "estar" kinaonyesha hali ya wakati ule tu, si tabia. Nikiandika "the minister was injudicious" (waziri hakuwa na busara), inaweza kusomeka kwamba ndivyo alivyo siku zote. Ndiyo maana nafikiria kuhamisha kivumishi kutoka kwa mtu kwenda kwenye maneno: "the minister's remarks were ill-judged" (matamshi ya waziri hayakuwa ya busara). Kwa "una decisión desacertada" (uamuzi usio wa busara) sina tatizo, "ill-advised" inakaa vizuri.

Je, kuhama huko kunakubalika kwenye taarifa ya habari, au mhariri atasema nimempunguzia waziri lawama? Na kama sentensi ingemhusu golikipa, "estuvo desacertado", mngeandika "had an off day" (siku hiyo hakucheza vizuri)?