Nimelipa 250,000 nifundishwe Kifaransa kwa stori, nimepewa jedwali la vitenzi!

Wakuu, nimetoka darasani sasa hivi, niko Mnazi Mmoja nagombania daladala na hasira zimenijaa, kwa hiyo makosa ya herufi mnisamehe.

Nauza viatu Kariakoo. Wateja wangu wengi wa jumla ni Wakongo. Wa Lubumbashi hawana shida, Kiswahili chao kina mambo yake lakini tunaelewana. Kazi ipo kwa wa Kinshasa. Mtu kaja na hela yake, mnabaki kuonyeshana namba kwenye kikokotoo kama mabubu, mwishowe anaitwa kijana wa kutafsiri, na kijana naye cha juu anakitoa kwangu. Nikasema basi, nisome Kifaransa.

Nikaona tangazo la kituo kimoja (jina sitaji, uzi usije ukafutwa): Kifaransa kwa mazungumzo na stori, hakuna kukariri, somo la kwanza bure. Nikaenda. Nisiwe mnafiki, lile somo lilikuwa tamu. Tulikuwa watu nane. Ticha kaandika ubaoni maneno matatu tu na maana zake: kuna, anataka, anakwenda. Akaniuliza kazi yangu. Nilipojibu, papo hapo akaigeuza hadithi: kuna tembo, anataka viatu, anakwenda Kariakoo dukani kwa huyu mama. Yote kwa Kifaransa, polepole, huku anagusa maneno ubaoni. Halafu maswali. Tembo anataka viatu? Anataka viatu au kofia? Anataka kofia? Nani anataka viatu, tembo au huyu mzee wa mbele? Viatu vingapi? Kaka mmoja nyuma akaropoka "quatre!", yaani vinne, darasa zima hoi.

Sarufi nayo ilikuwepo, ila ya sekunde kumi: yeye anataka ni "veut", mimi nataka ni "veux", mdomoni ni kilekile, kwenye kuandika tu ndiyo herufi ya mwisho inabadilika. Akarudi kwa tembo wake. Usiku nikawasimulia wanangu stori nzima kwa Kifaransa. Mimi huyu, niliyesomeshwa kwa Kiingereza sekondari miaka minne na bado barua ya benki nampa mtoto anisomee!

Kesho yake nikalipa ada ya miezi mitatu.

Jumatatu naingia, tuko thelathini na nne, ticha mwingine. Hajauliza mtu jina wala kazi. Kagawa fotokopi iliyofifia ya vitenzi: être, avoir, aller, vouloir, kila kimoja nafsi sita. Tuimbe. Wiki tatu sasa tunaimba. Leo katoa jaribio, nimeandika "il veux" badala ya "il veut" (yeye anataka), nimekatwa. Sasa niambieni, Mkongo aliyesimama dukani kwangu ataisikia saa ngapi hiyo x?

Nimesoma mtandaoni, kumbe hata siyo ubunifu wa yule ticha wa kwanza. Njia yenyewe inaitwa TPRS, aliyeianzisha ni Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania huko California. Alianzia kwenye mbinu ya James Asher ya kuamrisha wanafunzi watende, simama, kaa, nenda mlangoni, kisha akaongeza stori na maswali, na baadaye kusoma. Nyuma yake kuna mtaalamu Stephen Krashen, anayeshikilia kwamba lugha inaingia kwa kuelewa unachoambiwa, siyo kwa kukariri kanuni. Wasomi wenzake wanambishia mpaka leo, sawa, wabishane. Mimi nilinunua tembo, naomba tembo wangu.

Na asije mtu hapa kuniambia Kifaransa bila vitenzi hakiwezekani. Vitenzi vilikuwemo kwenye stori, tena nilivielewa! Mnaopenda majedwali endeleeni nayo, ila kituo kiandike kwenye tangazo kwamba kinauza majedwali.

Nimeenda mapokezi kuuliza yule ticha wa kwanza yuko wapi. Binti kanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Yule ni wa masomo ya bure tu, mama." Nikamwambia basi nirudishieni changu. Eti hela ikishaingia kwenye mfumo haitoki, halafu stori zipo, nivumilie, zinaanza hatua ya pili. Hatua ya pili inalipiwa upya. Nimepigwa changa la macho mchana kweupe, na risiti nimepewa.

Jumamosi narudi na risiti yangu pamoja na picha ya tangazo, niliihifadhi. Tuko watano tumekubaliana kwenda pamoja. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela na hivi vituo, aje aseme alianzia kwa nani. Na kama yule ticha wa tembo anapita humu, mwalimu wangu, njoo inbox. Hata ukifundishia barazani, nakuja na stuli yangu.