Tupeane uzoefu: kuwapeleka watoto kwenye theluji kwa mara ya kwanza

Baba wa Watatu, Munich

Wadau, habari za jioni. Likizo za shule za majira ya baridi zimekaribia, na najua humu kuna familia zinazojiandaa kwenda kwenye theluji na watoto. Wengine mnapokea wageni kutoka Dar au Mombasa ambao hawajawahi kuiona kabisa. Ushauri mwingi unaozunguka umeandikwa na watu waliozaliwa kwenye baridi. Naomba tusimuliane ya kwetu: mliwavalishaje, mtoto alipoanza kulia mlifanyaje, na hela ziliendea wapi.

Naanza. Sisi huvuka kwenda Austria kwa gari. Kule, kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 15, barabara ikiwa na theluji au barafu gari lazima liwe na matairi ya majira ya baridi. Barabara kuu nazo zina stika yake ya kulipia, inunueni kabla ya kuvuka mpaka.

Siku ya kwanza msiwalipie watoto skii, ule mchezo wa kuteleza na vibao virefu miguuni. Tafuteni kilima cha sleji, kile chombo cha kukalia kinachoteleza kwenye theluji, wazoee kuanguka na kuinuka. Skii waachieni walimu, hata kama mjomba anaijua. Mtoto anamsikiliza mwalimu mgeni kwa saa nzima, ila mjomba akimwelekeza dakika kumi tu tayari kuna kilio. Na walimu hujaa mapema wiki za likizo, kwa hiyo wekeni nafasi kabla ya kulipia chumba.

Halafu hili naliandika kwa herufi kubwa: MSIMFUNGE MTOTO MKANDA WA KITI CHA GARI AKIWA NA KOTI NENE. Koti limejaa hewa. Gari likigonga, koti linabonyea, mkanda unabaki umelegea na mtoto anaweza kuchomoka. Mvalishe sweta, kaza mkanda ushike mwili, ndipo umfunike koti kwa mbele, mikono iingie kinyume.

Mama Mapacha, Oslo

Asante kaka, hilo la mkanda wengi hawalijui.

Mimi nitasema neno moja nililofundishwa na walimu wa chekechea hapa Norwe: sufu. Watoto wa hapa hutolewa nje kucheza karibu kila siku, baridi au mvua, na hawaugui kwa hilo, kwa sababu nguo ya ndani kabisa, ile inayogusa ngozi, ni ya sufu. Pamba hunywa jasho ikabaki nalo. Mtoto anakokota sleji hadi juu, anatoka jasho, anasimama kusubiri zamu, na lile jasho linageuka baridi mgongoni. Sufu hata ikilowa bado inashika joto. Juu yake vaa sweta, kisha nguo ya nje isiyopitisha maji wala upepo. Jinzi ziacheni nyumbani, zikilowa ni mateso.

Soksi iwe moja, ya sufu, na vidole viweze kuchezacheza ndani ya buti. Ukimvika soksi mbili buti likabana, damu haifiki vidoleni na miguu inazidi kupoa. Glavu zile zinazoweka vidole vinne pamoja zina joto kuliko za vidole vitano. Na uwe na jozi nyingine kavu kwa kila mtoto, ndani ya begi lako, usimwachie yeye.

Kupima kama ana baridi, usishike mikono yake. Ingiza vidole vyako nyuma ya shingo. Pakiwa na joto na pakavu, mwache acheze. Pakiwa na unyevu, amevaa kupita kiasi, mpunguzie. Pakiwa na baridi, ingieni ndani, hata kama mmelipia siku nzima. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayepanga siku yenu inaisha lini. Familia inayokubali hilo inafurahia likizo.

Mkija Oslo, nendeni Korketrekkeren. Ni mteremko wa sleji wa kama kilomita 2, unaanzia Frognerseteren unashuka hadi Midtstuen, na kurudi juu mnapanda treni ya namba 1. Sleji na helmeti hukodishwa kule juu. Nendeni asubuhi, mchana panajaa vijana wanaoshuka kwa kasi. Wangu wanaipenda hiyo treni kuliko hata mteremko, na mimi pia, maana ndipo tunapofungua chai na mandazi.

Bint Muscat

Assalaam alaykum. Sisi huku hatuna theluji, lakini Dubai ni safari ya gari tu. Ski Dubai, ukumbi wa theluji wa kutengenezwa, imo ndani ya duka kubwa la Mall of the Emirates tangu 2005, na ndani ni chini ya sifuri. Koti, suruali na buti wanakupa. Soksi ndefu na glavu zinazowatosha watoto mimi hubeba zangu. Nashauri familia za Ghuba waanzie hapo kabla ya kulipia Uswisi: mtafahamu mtoto gani anastahimili na yupi atataka kubebwa.

Mzee wa Minneapolis

Wanangu, mama mapacha amemaliza la nguo. Mimi nasisitiza ngozi.

Vitabu vinasema baridi ikiunguza, ngozi inakuwa nyekundu kisha nyeupe. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri. Tazameni pua, masikio, mashavu na vidole: pakififia, pakawa kama pana nta, pakawa pagumu, na mtoto akisema hapasikii, msisubiri. Ingieni ndani. Msipasugue, wala msipasugue kwa theluji kama wengine wanavyosema, na msimkalishe karibu na moto, maana hahisi anaungua. Maji ya uvuguvugu, si ya moto. Hisia zisiporudi, au ngozi ikitoa malengelenge, hospitali.

Soma hali ya hewa mpaka mwisho, kwenye upepo. Baridi inayohisiwa ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Siku hiyo watoto wabaki ndani, sinema zipo.

Na jua! Theluji hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayounguza. Losheni ya kukinga jua mpakeni mtoto, mpaka chini ya kidevu, na miwani avae.

Mama Nairobi

Shikamoo mzee. Sisi twaenda Breckenridge, mji wa skii milimani huko Colorado, Marekani, mwezi wa Februari, na wapwa wangu wawili kutoka Mombasa. Kuna la ziada?

Dada wa Denver

Karibuni sana mama. Breckenridge iko mita 2,900 hivi juu ya bahari. Wewe umezoea Nairobi, ambayo iko juu kuliko Denver, lakini hao wa Mombasa wanatoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya juu inaweza kuwasumbua. Laleni Denver usiku wa kwanza, wanyweshe maji mara kwa mara, na siku ya kwanza mlimani wacheze kidogo tu. Mtoto akiumwa kichwa na kutapika asilazimishwe. Isipotulia, au akipumua kwa shida, mshusheni chini na mumwone daktari. Mkikodi gari, ulizeni kuhusu matairi: barabara ya I-70 kupanda milimani ina sheria yake kuanzia Septemba hadi Mei. Mkiona kuendesha kwenye theluji ni kazi, kuna mabasi madogo yanayotoka uwanja wa ndege hadi Breckenridge. Semeni mapema mna watoto, wawaandalie viti vyao.