Naambiwa siwezi kuwa na ADHD kwa sababu nimemaliza chuo, naombeni ushauri

kalamu_ya_usiku

Habari zenu wapendwa, uzi utakuwa mrefu naomba mnivumilie. Kwa asiyejua, ADHD ni hali ya ubongo inayofanya mtu ashindwe kushika umakini, kutulia au kuanza mambo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nina mume na watoto, kazi yangu ni ya ofisini, mambo ya mahesabu na ripoti. Kwa nje naonekana niko vizuri, ripoti zangu zinasifiwa na bosi akitaka kitu kizito ananipa mimi. Ila hakuna anaejua hiyo ripoti imeandikwa saa ngapi. Inakaa mezani siku kibao, naifungua naifunga, naikodolea macho, najua kabisa cha kuandika lakini kuanza kunashindikana, moyo unaenda mbio, halafu usiku wa mwisho kabla ya kukabidhi ndo kitu kinafunguka naandika mpaka alfajiri bila hata kuinuka kwenda chooni, kesho yake mwili wote ni kama nimepigwa. Ni hivyo hivyo tangu nikiwa shule.

Nyumbani ndo usiseme. Naenda chumbani kuchukua chaja naanza kupanga kabati, huku jikoni kitu kinaungua. Meseji naisoma, kichwani nimeshajibu, kumbe sijajibu, na nimepoteza marafiki wazuri kwa sababu wanaona nawadharau. Kwenye kikao watu wakiongea sauti naisikia ila maneno hayakai. Na mtu akiniambia tu "hapa rekebisha" naenda kulia, nikifika kitandani narudia hilo neno mpaka usingizi unakata.

Baada ya kusoma sana kuhusu ADHD kwa wanawake watu wazima nikaenda kwa daktari. Akanisikiliza kidogo, akaniuliza nimesoma mpaka wapi, nikamwambia nina digrii, akasema basi hiyo haiwezi kuwa ADHD, hiyo ni ya watoto wa kiume watukutu, wewe una wasiwasi tu, akaniandikia dawa za wasiwasi. Nimezitumia na kiukweli wasiwasi umepungua. Lakini kazi ndo zimezidi kulala, maana ile hofu ya dakika za mwisho ndo ilikuwa inanisukuma na sasa haipo.

Mume wangu ni mtu mwema ila anaona ni uzembe, anasema mbona ukitaka unaweza. Hili linaniuma kuliko yote kwa sababu hata mimi sijui nimjibu nini.

Je nirudi kwa daktari au niache? Na nyie mliopitia haya mnaishije?

---

mbayuwayu

Pole sana dada. Nimesoma nikahisi umeniandika mimi, mimi niligundulika kuwa na ADHD nikiwa na miaka 41.

Hiyo hoja ya digrii niliambiwa na mimi na inaniudhi mpaka leo. Digrii inaonyesha ulifika, haionyeshi ulilipa nini njiani. Mwenzio alisoma jioni akalala, wewe ulisoma kwa machozi na hofu mkapata maksi zilezile, halafu mtu anaangalia maksi anasema uko sawa! Ukirudi kwa daktari usimpelekee matokeo, mpelekee gharama. Mwambie usiku usiolala, marafiki uliowapoteza, mwili unavyozimika baada ya kila ripoti.

Na kuhusu watoto wa kiume watukutu, ipo aina ambayo utukutu hauonekani kabisa, shida yote iko kwenye umakini. Wasichana wengi wako huku. Mtoto anaepanda juu ya dawati mwalimu atamuona siku ya kwanza, ila anaekaa kimya anaangalia dirishani anaandikiwa "ana akili ila hajitumi" basi imeisha. Ndo maana utotoni wavulana wanaogundulika ni wengi kuliko wasichana ila ukija kwa watu wazima pengo linapungua sana. Wasichana walikuwepo mda wote, hakuna aliewaona.

Kitu kingine sijui kama umekiona kwako, mimi shuleni nilimudu kwa sababu kengele inapigwa, ratiba kapanga mtu mwingine, mtihani una tarehe. Nilipopata kazi na watoto na nyumba yangu, kengele zote nikatakiwa nipige mimi, na hapo ndo nikaanguka. Watu wakasema nimebadilika baada ya kuzaa. Sikubadilika, nguzo ziliondoka.

---

zamu_ya_usiku

Nafanya kazi kwenye afya ya akili, naongeza ya kitaalamu ili ukirudi ujue cha kudai.

ADHD haipimwi kwa damu wala picha ya kichwa, inatambuliwa kwa mahojiano marefu na historia. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, unaitwa DSM-5, uliotoka 2013 unasema mtu wa miaka 17 na kuendelea awe na dalili angalau 5 kati ya 9 za upande wa umakini, au 5 kati ya 9 za upande wa kutotulia na papara, au pande zote mbili. Dalili kadhaa ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12, zionekane sehemu zaidi ya moja, mfano kazini na nyumbani, na ziwe zinaharibu maisha kweli. Zamani kigezo cha umri kilikuwa kabla ya miaka 7, na wanawake wengi walikuwa wanakwama hapo kwa sababu wakiwa wadogo walimudu. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba mwenye digrii hastahili.

Lipo dodoso la Shirika la Afya Duniani linaitwa ASRS, lina maswali 18, yale 6 ya mwanzo ndo ya kuchuja. Lijaze uende nalo, ila kumbuka linachuja tu, halitoi jibu la mwisho.

Halafu omba waangalie na vingine vinavyofanana na hii hali, tezi ya shingo, upungufu wa damu, matatizo ya usingizi, sonona, na ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Na jua unaweza kuwa na wasiwasi NA ADHD kwa pamoja, inatokea sana. Hapo uliposema wasiwasi umeshuka ila kuanza kazi bado kunashindikana ni habari muhimu mno, iandike hivyohivyo ulivyoiandika hapa. Dawa za wasiwasi usiziache ghafla kwa hasira, ongea kwanza na daktari. Na ukiweza nenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia wa kliniki mwenye uzoefu na watu wazima, muulize kabisa kabla hujapanga miadi.

---

jiwe_la_pembeni

Samahani nitaenda tofauti kidogo na wenzangu, simaanishi ubaya. Siku hizi kila anaesahau funguo anasema ana ADHD. Sote tunaahirisha mambo, sote tunachoka, maisha ya sasa na hizi simu yanamvuruga kila mtu. Naogopa dada atapewa dawa kali kwa kitu ambacho ni uchovu wa mama mwenye kazi.

---

zamu_ya_usiku

Hofu yako naielewa na ndo maana nimesema waangalie na vingine. Uchovu una mwanzo, ukimuuliza mtu atakwambia ulianza baada ya mtoto wa pili au baada ya kubadilisha kazi. Hii haina tarehe ya kuanza, ukirudi nyuma unaikuta mpaka darasa la tatu. Kila mtu anakojoa ila anaekojoa mara arobaini kwa siku tunampima, hatumwambii mbona hata sisi tunakojoa.

---

baba_wa_mapacha

Mimi ni mwanaume, mke wangu anayo, nataka niseme upande wa mume.

Na mimi nilikuwa nasema "mbona ukitaka unaweza". Kilichonibadilisha ni kukaa nae siku alipotaka kweli. Fomu ya bima ya watoto, alitaka kuijaza, alikuwa analia anataka kuijaza, na mkono hauendi. Mtu mzembe halii. Siku hiyo nikavuta kiti nikakaa pembeni yake na kazi zangu, sikumsaidia hata neno, akaijaza yote. Baadae tukaambiwa hiyo ni mbinu inayojulikana, uwepo wa mtu mwingine unamshikilia.

Sasa hivi simuulizi kwanini hujafanya, namuuliza tuanzie wapi. Bili zote zenye tarehe nimezichukua mimi, yeye amechukua mambo ya ghafla maana mtoto akiugua usiku hakuna mtulivu kama yeye. Dada, mwambie mumeo aje kwenye miadi. Akisikia kwa mtaalamu kwamba shida iko kwenye kuanza, na kwamba ubongo wa ADHD unawashwa na kitu kinachovutia au cha haraka zaidi kuliko kitu muhimu, ataelewa kwanini usiku wa mwisho unaweza na siku nyingine huwezi.

---

mbayuwayu

Baba mapacha ubarikiwe, umenitoa machozi.

Dada naongezea ya kuishi nayo. Usijitungie tarehe za uongo, ubongo unajua ni uongo. Tafuta mtu halisi anaesubiri, mimi namwambia mwenzangu wa kazini nakutumia kurasa mbili saa nane na yeye anakaa kuzisubiri. Saa ya ukutani yenye mishale iwe machoni, maana mda kwetu ni sasa hivi na sio sasa hivi, hakuna katikati. Kitu kisichoonekana kwangu hakipo, kwahiyo karatasi ziko ukutani na hata wageni wakishangaa sawa tu. Meseji jibu palepale hata neno moja, "nimeiona", ukisema baadae imeenda.

Halafu angalia mzunguko wako. Mimi wiki moja kabla ya hedhi nilikuwa navurugika kabisa, nikadhani ni hasira tu. Estrojeni, ile homoni ya kike, inahusiana na kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamasa na umakini, na estrojeni ikishuka wanawake wengi dalili zinapanda, na karibu na kukoma hedhi ni hivyo hivyo, wengi wanagundulika mda huo. Andika kwenye kalenda uone. Kazi nzito usizipange wiki hiyo kama una uwezo wa kuchagua.

Kuhusu dawa, mimi natumia methilfenideti, ni ya kundi la dawa za kuchangamsha ubongo. Walinipima presha na mapigo ya moyo kwanza. Hamu ya kula ilipungua na mwanzoni usingizi ulisumbua tukapunguza dozi. Haikunifanya mtu mwingine, nilichoona ni kwamba kati ya kutaka na kufanya hakuna tena ukuta. Zipo pia zisizo za kundi hilo kama atomoksetini, inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Na kuna wanaoishi bila dawa kwa msaada wa mwanasaikolojia. Hayo mtapanga na daktari.

---

kalamu_ya_usiku

Jamani asanteni mno. Nimemsomea mume wangu jibu la baba wa mapacha, alikaa kimya muda mrefu akasema miadi ni lini. Nimeshaanza kuandika, nitaenda kwa daktari mwingine.

Swali moja limebaki, kuhusu kupata historia ya dalili za utotoni. Ripoti za shule zilipotea zote na mama yangu yupo ila ni mtu mzima, naogopa nikimwambia naonekana namlaumu. Nimuulizeje?

---

zamu_ya_usiku

Usimtajie ADHD kabisa. Muombe akusimulie tu ulikuwa mtoto wa namna gani. Nilikuwa napoteza vitu? Ukinituma dukani nilikuwa narudi na nini? Walimu walikuwa wanakwambia nini kunihusu? Anza na vitu anavyopenda kusimulia.

Ila jiandae kwa jibu moja linalotokea sana. Atasema "ulikuwa kawaida tu, mbona hata mimi nilikuwa hivyo". ADHD inarithiwa kwa kiwango kikubwa, tafiti za mapacha zinaweka mchango wa urithi kwenye asilimia 70 hadi 80, kwahiyo mzazi mwingi anaona dalili za mtoto ni tabia ya ukoo. Akisema hivyo usikate tamaa na usibishane, muulize yeye alikuwaje, na uandike usiku huohuo kabla haijapotea. Na kama kuna shangazi au dada mkubwa mliokua nae nyumba moja muulize na yeye, ndugu wanakumbuka mambo ambayo wazazi wameshasahau.