Shati la kupandia mlima linanuka kikwapa hata likitoka kufuliwa

Nyayo_Mbili

Wakuu, naombeni msaada. Nimefika mahali naona haya kukaa karibu na wenzangu tunapopumzika njiani.

Nina shati la poliesta la mikono mirefu, huu ni msimu wa tatu nalivaa. Likishafuliwa na kukauka halina neno. Nalisogeza puani sisikii kitu ila sabuni. Nikilivaa nikapanda kilima dakika kumi tu, mwili ukapata moto, kikwapa kinafumka kama shati halijaona maji mwezi mzima. Naoga vizuri, na nikivaa fulana ya pamba kwa mwendo uleule harufu haiji, kwa hiyo si mwili. Nimeongeza sabuni ya unga, nikaongeza na dawa ya kulainisha nguo yenye manukato. Hali imezidi kuwa mbaya.

Jana nililigeuza ndani nje nikalitazama kwenye mwanga. Pale kwapani kitambaa kimekakamaa, kina kitu kama nta. Ukikikwaruza kwa ukucha unabaki mstari mweupe. Nikadondosha tone la maji, likasimama pale kama liko juu ya jani la yungiyungi. Mgongoni tone kama hilo lilisambaa mara moja. Je, tatizo ndipo lilipo? Na kanda za mabegani za begi langu nazo zimeanza kunuka. Sitaki kuvitupa vitu hivi, vimenivusha mvua nyingi.

FundiHema

Ndugu yangu, tone lako la maji limeshakujibu nusu ya swali.

Jasho likitoka mwilini halina harufu ya kumsumbua mtu. Harufu inatengenezwa na bakteria wanapovunja vile vinavyotoka kwenye tezi za kwapani. Sasa poliesta haipendi maji, inapenda mafuta. Pamba hunyonya unyevu ndani ya uzi wenyewe, kama asilimia 8 ya uzito wake katika hewa ya kawaida. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Maji ya jasho yakishakauka, mafuta yanabaki yameung'ang'ania uzi, na bakteria wana chakula. Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji walichapisha jaribio walilofanya kwa watu 26 waliopiga mazoezi ya baiskeli saa moja, kisha fulana zao zikanuswa baada ya saa 28. Za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, na bakteria wa jamii ya Micrococcus walikuwa wamestawi humo.

Kufua harakaharaka kwa maji baridi kunaondoa kilicho juu tu. Ukipata joto na jasho jipya, kile kilicholala kinaamka.

Hiyo dawa ya kulainisha iache leo. Inaupaka uzi utando, unafungia uchafu ndani, na shati linashindwa kusafirisha jasho kwenda nje. Na sabuni ikizidi haisuuziki yote, inabaki kwenye kitambaa na kushika uchafu mwingine.

Mimi nafanya hivi. Nageuza shati ndani nje, naloweka kwapa kwenye siki nyeupe kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne, nusu saa, nasuuza. Siki inalegeza ule ukakamavu, ambao mara nyingi ni chumvi za dawa ya kwapa zilizoshikana na mafuta. Baada ya hapo sabuni yenye vimeng'enya, yaani enzaimu zinazovunja uchafu. Soma pakiti utafute proteasi na lipasi, proteasi inavunja protini, na hiyo lipasi ndiyo inayokata mafuta. Maji yawe vuguvugu, nyuzi 30 hadi 40, kama lebo ya shati inaruhusu. Vimeng'enya vinataka muda, kwa hiyo vipe usiku kucha, asubuhi sugua kwapa taratibu kwa mswaki laini, suuza mpaka povu liishe. Usiliache beseni limekaa na nguo mbichi iliyokamuliwa, uvundo utaanza upya.

Siki usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Inatoka gesi ya sumu. Hata peke yake klorini inakula nyuzi za kunyumbuka.

Mdomo_wa_Chupa

Naongezea kwa FundiHema. Watu wengi wanamwaga siki na bikaboneti (baking soda) pamoja, wakiona povu wanadhani kazi inafanyika. Asidi na alikali zinauana, unabaki na maji ya chumvi. Tumia moja, suuza, ndipo utumie nyingine.

Kama vimeng'enya havikutosha, tafuta pakabonati ya sodiamu, unga wa kuondolea madoa. Ikiingia kwenye maji inatoa haidrojeni peroksaidi, ila maji ya baridi yanaichelewesha sana. Mimi naanzia nyuzi 40.

Sufu_Tu

Nilihangaika hivyo miaka. Nikahamia shati la sufu ya kondoo wa merino, safari ya siku nne halinuki. Linachelewa kukauka na linatoboka mapema, lakini sirudi nyuma.

FundiHema

Kweli kabisa, ila kaka, hiyo sufu usiiguse na sabuni yenye proteasi wala pakabonati. Sufu ni protini, italiwa polepole mpaka ujikute na matundu.

Nyayo_Mbili

Nimerudi na majibu. Maji ya usiku wa kwanza yalikuwa kijivu, juu yake utando wa mafuta unaometameta, kwenye shati lililokuwa "safi". Nilirudia mara tatu, ya mwisho kwa pakabonati. Tone la maji sasa linasambaa kwapani sawa na mgongoni. Jumamosi nimetembea saa nne nalo, limenuka jasho la siku ileile, basi. Kwapa la kushoto kwenye mshono, pale kitambaa kimekunjwa mara mbili, bado kuna kitu kidogo, nitaloweka tena.

Begi nililitoa fremu, nikazamisha kanda na mgongo wake kwenye maji ya sabuni ileile, nikawa naiminya sponji na kuiachia. Maji meusi yalitoka mara tano. Limekaukia kivulini siku mbili. Kanda hazinuki, nashukuru sana.

Lakini ndani ya begi kuna harufu nyingine ya uchachu, kama kitu kilichooza, na kitambaa kinabanduka vipandevipande vya ngozi nyembamba vinavyonata vidoleni. Niloweke tena?

FundiHema

Hapana, acha kuloweka. Hilo si jasho. Hiyo ngozi ni mpako wa poliyurethani wa kuzuia maji, na unyevu umeuvunja kwa miaka. Uchachu unaousikia unatoka kwenye mpako wenyewe, sabuni haitaumaliza. Sugua uliolegea utoke wote kwa brashi, ukishabaki uzi mtupu upake mpako mpya au utie vitu vyako kwenye mfuko usiopitisha maji. Na begi likirudi safarini lisikae limefungwa likiwa na unyevu, hata usiku mmoja.