Tupeane uzoefu: mtihani wa mchujo wa benki, Kiingereza na yale majedwali

Mpakani_Busia
Wadau, leo nimo kwenye teksi natoka Iganga, kijana kando yangu amekumbatia simu, midomo inamcheza kama mtu anayevuta uradi. Nikachungulia. Jedwali la amana za matawi, swali la asilimia, na ile saa ya juu inayorudi nyuma. Tumbo likanikata palepale, na mimi siku hizi nauza vipuri vya pikipiki, habari za benki sinazo tena.

Waliowahi kupitia mtihani wa mchujo wa benki, tupeane uzoefu. Kilichokutoa jasho ni Kiingereza au data? Naanza mimi: jedwali limeandikwa "mamilioni ya shilingi" kwa viherufi vidogo chini ya kichwa, swali linauliza kwa mabilioni, na majibu yote manne yana tarakimu zilezile, tofauti ni masifuri tu. Aliyelitunga lile swali alikuwa na kisasi na mtu.

MtotoWaKambini
Kiingereza, bila kupepesa macho. Sisi tuliokulia kambi ya jeshi Jinja, Kiingereza tulikikuta shuleni. Nyumbani ni Kiswahili asubuhi hadi usiku, mzee anasalimu kwa Kiswahili, anagomba kwa Kiswahili, fimbo nayo inalia kwa Kiswahili. Sasa mtihani unakuletea kifungu cha meneja mwanamke na karani mwanamume, "he" na "she" zimevurugwa makusudi, utaje palipokosewa. Kwetu yeye ni yeye. Nilikisoma kile kifungu juu chini nikaona kiko sawa kabisa, hata nikakipenda.

Dada yangu ndiye aliyenipa dawa. Kila penye "he" au "she" weka kidole, kisha uliza kwa sauti: nani huyo? Kama huwezi kumtaja jina au cheo, kosa lipo hapo. Nilifanya hivyo kwa magazeti ya wiki nzima. Hadi leo kazini nikiandika barua pepe kidole kiko kwenye kioo, wenzangu wanadhani sioni vizuri.

Hajjati_Bombo
Umenisema mimi. Mama yangu bado namwita "he", amezoea.

KijanaWaArua
Sisi Arua tulijisomea kwa pasti pepa, yaani mitihani iliyopita, za India. Wenzetu kule wana mitihani ya benki ya nchi nzima. Ule wa IBPS, taasisi yao ya kuchuja waajiriwa wa benki, wa maofisa, awamu ya kwanza niliyokuwa nafanyia mazoezi ilikuwa maswali 100 kwa saa moja: Kiingereza 30, hesabu 35, mantiki 35, kila sehemu na dakika zake 20, na ukikosa unakatwa robo alama. Mazoezi yake yamejaa mtandaoni bure, ndiyo maana vijana wa huku tunayanywa.

Ila mjihadhari. Takwimu zao ziko kwa laki na crore. Laki hata mama muuza dagaa anaijua, lakini crore moja ni milioni 10, na mwenzetu mmoja alikuwa anaisoma kama bilioni, akishangaa mbona hapati jibu. Halafu kuna treni. Treni mbili zinapishana, treni inavuka daraja, treni imechelewa. Reli yenyewe iliishia Pakwach, huku kwetu haikufika, nami nimekesha napishanisha treni.

Simba_wa_Tororo
Mnapoteza muda na treni za watu. Benki za Uganda zinakuuliza ya Uganda. Mimi niliulizwa hivi: mtaji wa chini wa benki za biashara ulipandishwa kutoka shilingi bilioni 25 hadi bilioni 150, mwisho Juni 2024. Je, umeongezeka kwa asilimia ngapi? Mteremko. Nikaweka 600 nikasonga mbele.

Mhasibu_Mstaafu
Mwanangu, jibu ni 500.

Simba_wa_Tororo
Mzee, shikamoo, lakini 150 gawa kwa 25 ni 6. Sita mara mia ni 600. Hesabu haina mkubwa.

Mhasibu_Mstaafu
Marahaba. Umekuwa mara 6 ya ule wa mwanzo, lakini nyongeza ni bilioni 125, na 125 ni mara 5 ya 25. Hebu nikuulize: nina shilingi 25, ukanipa 25 nyingine. Umeniongezea asilimia ngapi? Kwa hesabu yako ni 200. Nitakushukuru sana ukinilipa hivyo.

Simba_wa_Tororo
Huo ni mfano mwingine mzee.

Mhasibu_Mstaafu
Haya. Kwa wanaotaka kusikia, mitego ni ileile miaka yote. Bei pamoja na VAT ya asilimia 18 ni 590,000, bei bila kodi ni ngapi? Mtu anakimbilia kutoa asilimia 18 ya 590,000, anapata 483,800, na atalikuta jibu hilo limekaa pale linamsubiri. Gawa kwa 1.18, ni 500,000. Mkopo wa asilimia 3 kwa mwezi, riba juu ya riba, kwa mwaka si 36, ni karibu 42.6. Kitu kikishuka asilimia 20 kisha kikapanda asilimia 20 hakirudi kilipokuwa, 100 inakuwa 80, halafu 96. Na riba ikitoka asilimia 10 kwenda 12 imepanda pointi 2, au asilimia 20 ya ile ya mwanzo. Someni swali linataka ipi. Nimekaa upande wa kusahihisha, nawaambia nilichokiona.

Mama_Pacha_Kisenyi
Nyinyi mnalia na asilimia. Ngojeni yangu.

Benki moja, siitaji, ilileta mtihani wa mtandaoni, unaufanyia nyumbani, kamera inakutazama mwanzo mwisho. Masharti: uwe peke yako chumbani, usigeuze shingo, usiinuke, usiongee. Pacha nikawapeleka kwa shangazi yao Katwe. Kompyuta nimeazima, bando nimejaza, mlango nimeuacha wazi na pazia limeshuka, kwa sababu chumba changu hakina dirisha la maana na joto la mchana mnalijua.

Kiingereza nikakimaliza vizuri. Nikaingia data: grafu ya mikopo ya kilimo, biashara na ujenzi kwa miaka mitano. Pembeni ya kioo kuna kidirisha unajiona mwenyewe. Nikaona pazia linacheza nyuma yangu. Nikasema upepo. Kisha upepo ukawa na kofia.

Jamani. Mwanamume mzima, ananyatia, viatu kavishika mkononi. Nikipiga kelele, nimeongea. Nikigeuka, nimegeuza shingo. Saa inaonesha dakika 11 na maswali bado yapo. Wallahi niliendelea kubofya. Jicho moja kwenye mikopo ya kilimo, jicho moja kidirishani. Akachukua pasi. Akachukua redio ya mume wangu. Akalipima begi la nguo za pacha kwa mkono, akaliacha, hapo nikamshukuru kimoyomoyo. Halafu akanyanyua mtungi wa gesi, mtungi ukagonga sufuria, ngangala! Mtu yeyote angegeuka. Mimi nikabofya C. Tukatazamana ndani ya kile kidirisha, mimi na yeye, na naapa yeye ndiye aliyeogopa zaidi, maana aliona mwanamke anajiona anaibiwa na hasemi neno. Akatoka mbio, mtungi begani.

Nikajibu yote, nikatuma, ndipo nikapiga yowe mtaa mzima ukaja.

Baadaye ikaja barua pepe: mtihani wako umefutwa, mfumo umeona mtu wa pili chumbani. Nikawaandikia, huyo mtu wa pili ni mwizi, nipeni hiyo video nimpelekee mwenyekiti wa LC1, yule wa serikali ya mtaa, sura yake iko wazi. Wakajibu hawawezi kutoa picha ya mtu bila ridhaa yake, kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Ridhaa ya mwizi!

Hajjati_Bombo
Chai imenitoka puani.

Mpakani_Busia
Dada, mtungi ulikuwa na gesi au mtupu?

Mama_Pacha_Kisenyi
Nimeujaza jana yake, kaka!

Boda_Nakawa
Soma kifungu kisha ujibu. "Mwizi alikuwa jirani." A: Kweli. B: Si kweli. C: Haiwezi kujulikana.

MtotoWaKambini
C. Kifungu hakisemi.

Mama_Pacha_Kisenyi
Ni A. Ile redio ina mkwaruzo wake kwenye taarifa ya habari, na nimeusikia nyuma ya ukuta wangu.

MtotoWaKambini
Hiyo haimo kwenye kifungu, dada. Ndivyo wanavyotukamata: unajibu unachokijua, wao wanataka kilichoandikwa. Ningekuwa msahihishaji ningekukata.

Mama_Pacha_Kisenyi
Nikate na mtungi unirudishie.

Mdadisi_Mbarara
Hadithi tamu lakini siimezi. Mifumo hiyo ikiona uso wa pili inakukatia palepale, haingekuacha ukamaliza.

KijanaWaArua
Si yote. Mingine inarekodi tu na kuweka alama, mtu anakuja kukagua baadaye. Wangu mimi niliulizwa kwa nini nilikuwa natazama juu. Nilikuwa natazama bati, mvua ilikuwa inaingia.

Mdadisi_Mbarara
Basi sawa, lakini kuacha mlango wazi Kisenyi...

Mama_Pacha_Kisenyi
Mdogo wangu, njoo ukae humo ndani saa saba mchana na mlango umefungwa, kisha uje uniambie.

Mwalimu_Mbale
Turudi kwenye Kiingereza kidogo. Kiingereza chetu cha Uganda ni kitamu, ila mtihani haukijui. Kwenye benchi la teksi ukimwambia mtu "extend" anakusogelea upate nafasi, mtihanini hakuna maana hiyo. Sote tunasema "cope up with" na "discuss about", wahadhiri nao wamo, lakini mtihani unataka "cope with", na "discuss" iliyosimama peke yake. Na sentensi ndefu ya "each of the branches in the western region": funika kwa kidole gumba kila kilicho baada ya "each", utaona kinachofuata ni "has", si "have". Kila jioni chukua ukurasa wa biashara gazetini, ufanye hivyo na kalamu.

Boda_Nakawa
Gazeti ndilo lililoniharibia mimi. Nilisoma gazeti miezi, nikaenda kuulizwa visawe vya maneno ambayo hata mhariri hayajui. Fanya pasti pepa, achana na gazeti.

Hajjati_Bombo
Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu katiba irekebishwe 2005. Mbona sijaona mtihani wenye hata aya moja? Wateja wa Bombo, Arua, Busia wanakuja dirishani na Kiswahili, wewe umepimwa kwa visawe vya Kiingereza.

Mdadisi_Mbarara
Huku kwetu wateja hawaji na Kiswahili, Hajjati.

Hajjati_Bombo
Wanakuja, ila kwenu anayejua anaogopa kuonekana mwanajeshi, maana watu wanakiona Kiswahili ni lugha ya jeshi.

Mdadisi_Mbarara
Hapo umenichekesha, na si uongo. Lakini hiyo katiba ilisema kitatumika kwa namna Bunge litakavyoweka kwa sheria. Mlilie Bunge, msiililie benki.

Boda_Nakawa
Mnajichosha bure. Kazi zina wenyewe. Mwenye mjomba ndani hata asiposhika kalamu anaitwa. Mtihani ni wa kutupunguzia sisi hasira.

KijanaWaArua
Kaka, mimi sina mjomba hata wa kuazima, na niko dirishani nahesabu noti za watu.

Boda_Nakawa
Wewe ulikuwa na bahati.

KijanaWaArua
Bahati iliyopishanisha treni usiku kucha?

Mpakani_Busia
Msigombane. Jambo la kubahatisha majibu hamjalisema. Mimi niliambiwa nikikwama niweke B kote.

Mwalimu_Mbale
Usibahatishe kamwe. Acha wazi, nenda linalofuata.

Mhasibu_Mstaafu
Mwalimu, samahani. Kama hawakati alama, kuacha wazi ni kuacha pesa mezani. Kama wanakata robo na majibu ni matano, kubahatisha kipofu hakukupi wala hakukunyimi, kwa wastani ni sifuri. Ukiweza kulitupa jibu moja tu lisilowezekana, tayari kubahatisha kunalipa. Majibu yakiwa manne, kunalipa hata kabla hujatupa. Kwa hiyo kwanza soma maelekezo kama wanakata.

Mwalimu_Mbale
Watoto wangu nitaendelea kuwaambia waache wazi. Wakizoea kubahatisha hawasomi.

Mgeni_Masindi
Shikamooni wakubwa. Mimi nina mtihani wangu Jumamosi Kampala. Barua haisemi chochote kuhusu kikokotoo. Nibebe au nisibebe?

MtotoWaKambini
Usibebe, watakuona mwizi wa mtihani.

KijanaWaArua
Beba, kiwe cha kawaida, si cha simu. Mlangoni muulize msimamizi kabla hujakaa. Akikataa, kiache mapokezi. Na usiku huu fanya majedwali mawili kwa kalamu tupu, ukikadiria: 4,870 kati ya 9,912 ni karibu nusu, yatazame majibu kabla hujagawanya.

Mama_Pacha_Kisenyi
Na ni wa ukumbini au wa nyumbani? Kama ni wa nyumbani, mwanangu, funga mlango.

Mgeni_Masindi
Wa ukumbini, mama. Asante. Na ule wa mtaji, jibu ni lipi hasa?

Simba_wa_Tororo
600.

Mhasibu_Mstaafu
Kijana, usimsikilize.